Mabula Wawili: Uchambuzi wa Kisa cha Kutafuta Ndugu Mtandaoni

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeungwa kutokana na mambo yanayojirudia kwa watu wa Mwanza, Simiyu na Geita wanaotafuta nasaba zao mtandaoni. Majina yaliyomo ni ya kawaida Usukumani na hayamhusu mtu fulani.

Binti anaishi Igoma, jijini Mwanza. Kitambulisho chake kina majina matatu: lake mwenyewe, la baba yake Shija, na la babu yake Mabula. Baba amefariki. Kuhusu babu anajua mambo machache tu: alitoka "upande wa Nassa", akavuka na ng'ombe kwenda Geita, akazikwa huko. Binti akaandika kwenye kundi la Facebook la watu wa Kanda ya Ziwa: "Natafuta ukoo wa Mabula, Mwanza. Mwenye taarifa anitafute." Majibu yakamiminika kutoka Kwimba, Sengerema, Kahama, hadi Dar es Salaam. Mmoja wa waliojibu, kijana wa Misungwi, alikuwa na mti wa ukoo kwenye FamilySearch, tovuti ya kutafuta nasaba, wenye Mabula mwana wa Luhende, na chini yake mtoto aitwaye Shija. Jina la babu limelingana, la baba limelingana, na mahali pameandikwa Mwanza. Binti akaunganisha wasifu wa babu yake na wa yule, akafurahi, akawatumia shangazi zake picha ya mti.

Binti na kijana huyo hawakuwa ndugu. Namna kosa lilivyoingia, lilivyogunduliwa na lilivyosahihishwa inafaa kufuatwa hatua kwa hatua, kwa sababu watafutaji wengi wa ukanda huu hukwama palepale.

Jina la mwisho lisilo la ukoo

Uingereza kuna chama cha Guild of One-Name Studies, kilichoanzishwa 1979. Mwanachama huchagua jina moja na kumfuatilia kila aliyewahi kuitwa hivyo. Kule kazi hiyo ina mantiki, kwa kuwa jina limerithiwa toka baba hadi mwana kwa karne kadhaa. Vyombo vya nasaba vya mtandaoni vimejengwa juu ya desturi hiyo. GEDCOM, muundo wa faili uliotoka 1984 wa kuhamisha mti toka programu moja hadi nyingine, hufunga jina la ukoo kati ya mikwaju miwili: Shija /Mabula/. Programu ikisoma hivyo, inaamini kuna ukoo unaoitwa Mabula na inaanza kupendekeza "ndugu".

Kwetu Mabula ni jina la babu tu. Kaka wa binti huyu akipata mtoto, mtoto ataandikwa jina lake, la baba yake, na Shija mwishoni. Mabula atakuwa ametoka kwenye vitambulisho vya kizazi hicho. Zaidi ya hapo, Mabula hupewa mvulana aliyezaliwa wakati wa mvua, kama msichana anavyoitwa Kabula, kwa hiyo kila msimu wa mvua una akina Mabula wake. Kutangaza unatafuta "ukoo wa Mabula" Usukumani ni kuita watu elfu ambao hawana uhusiano wowote.

Neno "Mwanza" nalo lilichangia. Nassa leo iko Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu. Wilaya na mkoa huo vilianza 2012, na kabla ya hapo eneo lilikuwa chini ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Geita nayo ilikuwa Mwanza hadi 2012. Upande wa magharibi ya ziwa, mkoa ulioitwa Ziwa Magharibi ukawa Kagera baada ya vita vya 1978–79. Mtu akiandika "Mwanza" bila mwaka, hajasema mahali. Namna salama ni kuandika jina la mahali kama lilivyokuwa wakati wa tukio, kisha la sasa, na kushuka hadi kitongoji. Na kwa familia zilizohamishwa na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, kijiji cha sasa si lazima kiwe ndipo mji wa babu ulipokuwa. Ulizia mji wa zamani: ulikuwa karibu na kilima gani, mto gani, mwambao gani.

Kosa lilivyofichuka

Aliyeligundua ni shangazi, na alitumia jina moja tu. Alipoona picha ya mti akauliza: "Kulwa na Doto wako wapi?" Kwa Wasukuma mapacha huitwa Kulwa na Doto, na mtoto anayewafuata tumboni huitwa Shija. Shija wa Igoma alifuata mapacha. Kwenye mti wa Misungwi, Shija alikuwa mtoto wa kwanza. Alipoulizwa, kijana alieleza kwamba Shija wao alirithishwa jina la babu yake mzaa mama, ndiyo maana hakukuwa na mapacha.

Jambo hili peke yake halitoshi kuvunja undugu, kwa sababu mapacha waliofariki wachanga mara nyingi hawaingizwi kwenye mti. Lakini linatosha kusimamisha kazi na kuangalia karatasi. Familia ya Misungwi ni ya Bukumbi, ambako Wamisionari wa Afrika, wale White Fathers, walifungua misheni 1883. Hilo lilikuwa msaada mkubwa, kwani rejesta ya ubatizo ya Kikatoliki hubeba mengi kuliko cheti kinachotolewa: tarehe ya ubatizo, jina la ubatizo na jina la nyumbani, baba, mama, msimamizi, padre. Rejesta za zamani ziko kwa Kilatini. *Filius* ni mwana, *filia* binti, *patrinus* msimamizi, na *circiter* mbele ya mwaka ina maana umri umekadiriwa. Pembeni mwa mstari, sheria ya Kanisa inataka ndoa ya mtu iandikwe, hata ikiwa imefungwa parokia nyingine. Anayekwenda kuomba cheti na kuondoka bila kuuliza kilichoandikwa pembeni ameacha nusu ya taarifa.

Pembeni mwa jina la Shija wa Bukumbi kulikuwa na ndoa ya 1972. Wazazi wa binti wa Igoma walifunga ndoa ya AIC, kanisa la Africa Inland, huko Geita mwaka 1975, na mke ni mwingine. Shija wawili, Mabula wawili.

Hapo lazima jambo moja lifanyike kabla ya yote: kutenganisha wasifu uliounganishwa. FamilySearch ni mti mmoja wa watu wote, na haitozi fedha. Geni na WikiTree pia ni miti ya pamoja. Ukiunganisha vibaya humo hujaharibu daftari lako peke yako, umemwekea mtu mwingine babu asiye wake. Fungua historia ya mabadiliko ya wasifu, tafuta tukio la kuunganisha, urudishe, kisha weka alama kwamba wasifu hizo mbili si za mtu mmoja, pamoja na sababu. Fanya siku hiyohiyo. Kadiri watu wengine wanavyoongeza taarifa juu ya kosa, ndivyo kulitengua kunavyokuwa kugumu. Kijana wa Misungwi aandikiwe na kuombwa radhi, maana ndiye aliyekuwa na kumbukumbu nzuri.

Tangazo la pili

Kabla ya kuandika tena, binti alikusanya alichonacho. Shangazi alitoa daftari la shule la Shija la mwaka 1958, limeandikwa kwa mkono wa mwalimu: "Shija Mabula Mwandu". Jina la tatu hilo halikuwa limewahi kutajwa nyumbani. Shangazi aliongeza kwamba babu alizaliwa "treni haijafika". Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928, kwa hiyo tunapata mpaka. Matukio ya aina hii ndiyo kalenda ya wazee, na kila mtafutaji wa Kanda ya Ziwa anapaswa kuwa nayo mkononi: sotoka iliyomaliza ng'ombe miaka ya 1890, Waingereza kuiteka Mwanza Julai 1916, ziwa kujaa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kuhamia vijijini, vita vya Kagera, kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Swali "alizaliwa mwaka gani?" humfanya mzee abahatishe. "Wakati ziwa linajaa alikuwa ameoa?" hupata jibu.

Kuvuka kwenda Geita nako kuna wakati wake. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni, kupitia mpango wa maendeleo wa Usukuma ulioanza 1947, ilihimiza watu na mifugo kutoka maeneo yaliyojaa wahamie Geita. Familia nyingi zilizogawanyika pande mbili za Ghuba ya Mwanza ziligawanyika wakati huo.

Tangazo likawa hivi:

"MABULA wa NG'WANDU (pia Mwandu, Ngwandu). Nassa, zamani Magu, sasa Busega. Alihamia Geita kati ya 1947 na 1955. Namtafuta anayemfahamu Mabula, mwanamume, aliyezaliwa kabla ya 1928, aliyekulia Nassa katika familia ya AIC, akavuka na ng'ombe kwenda Geita na kufariki huko baada ya watu kuhamia vijijini, kabla ya vita vya Kagera. Alikuwa na mtoto aitwaye Shija. Nimepata haya kwa shangazi, kwa mdomo, na kwenye daftari la shule la 1958. Naomba kujua mji wake Nassa ulikuwa kitongoji gani na waliozaliwa naye ni akina nani. Sitafuti shamba wala mirathi. Tafadhali nijibu kwa ujumbe wa faragha. Majina ya walio hai tusiyaandike hapa."

Mstari wa kwanza unabeba majina kwa herufi kubwa, mahali na miaka, kwa sababu ndio unaoonekana mtu anapotafuta baada ya miaka mitatu. Dini imetajwa kwa makusudi. Nassa ilikuwa misheni ya CMS, wamisionari wa Kianglikana, ikachukuliwa na Africa Inland Mission 1909, ndiyo AIC ya leo. Bukumbi ni ya Wakatoliki. Watu hubadili dhehebu, ila kwa kizazi cha kabla ya uhuru dhehebu hukuonyesha rejesta gani ufungue kwanza. Sentensi ya shamba na mirathi isiachwe kamwe. Mgeni anayeulizia mji wa marehemu huonekana amekuja kudai ardhi, na wazee hunyamaza.

Tahajia inataka uvumilivu. Herufi za Kisukuma kama ng'w ziliandikwa kila mtu alivyosikia: Ng'wandu, Ngwandu, Mwandu. Utafutaji wa kusikika unaotumiwa na hifadhidata nyingi, Soundex, uliopewa hataza 1918, hushika herufi ya kwanza kisha hugeuza konsonanti zinazofuata kuwa namba. Ng'wandu inatoka N253, Mwandu M530. Mashine haitazikutanisha kamwe. Vivyo hivyo Luhende L530 na Ruhende R530, ingawa kwa mzungumzaji l na r hapo ni jina lilelile. Tafuta kila umbo peke yake. Kwenye nyaraka za Wajerumani Mwanza ni Muansa na Shirati ni Schirati. Mapadre wa Kifaransa waliandika Oukéréwé. Ukijua mikono hiyo miwili, majina ya watu nayo yanaanza kusomeka: ou ni u au w, sch ni sh.

Kuweka akiba majibu

Safari hii walijibu watu wanne tu, na hiyo ni dalili njema. Kazi iliyobaki ni kupima bila kumfundisha mtu jibu. Anayetaka undugu, hata kwa nia safi, hukubali chochote utakachomwambia: "Ndiyo, hata sisi tulisikia hivyo." Kwa hiyo weka akiba mambo mawili au matatu ambayo hukuyaandika popote.

Akiba haipaswi kuwa kitu kinachobashirika. Kuwepo kwa mapacha hakufai, maana Msukuma yeyote akiona jina Shija atabashiri kwamba mapacha walitangulia. Binti aliweka akiba mambo matatu: mapacha hao walikuwa wa jinsia gani na yupi alibaki hai, mke aliyevuka na Mabula alitoka wapi, na nyumbani kwa Mabula kulikuwa na nini cha kukumbukwa. Kila aliyejibu aliulizwa vilevile, kwa maneno yaleyale, kwa faragha.

Wawili walitoka mapema. Wa tatu alipatia mahali mke alikotoka, basi. Wa nne alikuwa mjukuu wa mzee wa Busega, akampelekea babu yake simu jioni, wakati mzee ametulia. Binti alianza na "Shikamoo babu", akajitambulisha kwa baba na shangazi kabla ya kuuliza lolote, akaomba ruhusa ya kurekodi. Mzee aliongea Kisukuma, na hilo liheshimiwe: rekodi sauti kwa lugha aliyochagua, usimkatize umtake atumie Kiswahili, tafsiri baadaye, na hifadhi sauti ya asili. Faili ipewe jina linalojieleza, tarehe, mahali, nani anasimulia kwa uhusiano wake, si "sauti mpya 14".

Mzee alitaja bila kusitasita: mapacha wasichana wawili, Doto alifariki mchanga. Mke alitoka upande wa Magu. Mji ulikuwa chini ya mawe makubwa karibu na maji. Yote matatu sawa na akiba. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyeliuliza: "Huyo ni mpwa wetu."

Mpwa ni mtoto wa dada. Mabula hakuwa mwana wa Ng'wandu, alikuwa mwana wa binti wa Ng'wandu.

Ng'ombe ambazo hazikutolewa

Kwa desturi ya Kisukuma, mahari ndiyo ilimfanya mtoto awe wa ukoo wa baba. Ng'ombe zisipotolewa, mtoto alikuwa wa upande wa mama. Alilelewa kwa wajomba na kuitwa kwa jina la babu mzaa mama. Huko Nassa Mabula alijulikana kama Mabula wa Ng'wandu na hakuna aliyeona ajabu. Mwalimu wa 1958 aliandika alichoambiwa. Hakuna aliyedanganya.

Kwenye mti wa mtandaoni jambo hili huharibika kwa urahisi. Ukimweka Ng'wandu kama baba, umefuta kizazi kizima pamoja na mama wa Mabula. Ukimwondoa kwa kuwa "si baba halisi", umefuta ukoo uliomlea na ambao ndio wake kwa desturi. Namna sahihi ni hii: mama wa Mabula aingizwe, hata kama jina halijulikani, kwa "binti wa Ng'wandu"; Ng'wandu akae juu yake; nafasi ya baba ibaki wazi. FamilySearch ina nafasi ya kuonyesha aina ya uhusiano kati ya mzazi na mtoto, wa damu, wa kulea au wa ulezi, hivyo Ng'wandu anaweza kuandikwa mlezi pia. Ukoo na kabila viandikwe kwenye taarifa za ziada, kamwe visisukumwe kwenye sehemu ya jina la mwisho. Sababu iandikwe kwa sentensi kamili: nani alisema, lini, kwa njia gani, na kinachopingana nacho. "Mzee alisema" haitoshi.

Wengi hukimbilia kipimo cha DNA hapa. Kipimo cha ukoo wa kiume kingefuata baba asiyejulikana na kisingeonyesha uhusiano wowote na wana wa Ng'wandu, na mtu asiyejua habari ya ng'ombe angehitimisha kwamba mzee wa Busega amekosea. Kipimo cha jumla kingeweza kuonyesha undugu wa upande wa mama, ila pande zote mbili lazima wawe wamepima, na hifadhidata zina watu wachache wa ukanda huu. Kwa kisa hiki majibu matatu ya akiba yana uzito zaidi.

Mzee hakusema neno la mpwa kundini, alilisema kwenye simu, na ni lazima libaki hivyo mpaka familia ya Busega iridhie. Habari za mahari, nani alizaliwa nje, na hasa nani alikufa kwa nini, hazijadiliwi hadharani. Kwenye ukanda ambao tuhuma za uchawi zimewagharimu ajuza maisha yao, swali la "bibi alikufaje?" kwenye kundi la watu mia nne ni hatari kwa mtu aliye hai. Sheria nayo ipo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Picha ya kitambulisho cha NIDA au cheti cha kuzaliwa cha mtu aliye hai haitupiwi kundini, hata kama nia ni kuthibitisha undugu. Na akijitokeza "mjomba" anayeomba nauli ya kumleta mzee au ada ya kufungulia rejesta kabla hajajibu hata swali moja la akiba, mazungumzo yanaishia hapo.

Kinachobaki ni baba wa Mabula. Tangazo la tatu halitamtaja Mabula kabisa. Litataja Nassa, miaka ya 1915 hadi 1928, na litauliza ni koo gani zilizokuwa majirani wa mji wa Ng'wandu chini ya yale mawe, na nani kati yao alihama. Litaandikwa baada ya mzee wa Busega kusomewa na kukubali kila mstari, na atakayejibu ataulizwa kwanza kama babu zake waliwahi kusikia habari ya mtoto aliyeachwa kwa wajomba, bila kuambiwa ni mtoto wa kike au wa kiume.